Nyota kwenye poti: glita niliyoiweka kwenye keki na hasara iliyonifundisha

Picha iliingia kwenye simu Jumatatu saa moja asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Nilipoona imetoka kwa mama Glory nilitabasamu. Jana yake nilikuwa nimempelekea keki ya komunio ya binti yake, ghorofa mbili, nyeupe, ukingo wote umenyunyiziwa glita ya dhahabu. Nikajua ni picha za sherehe.

Ilikuwa poti ya mtoto. Ya plastiki, ya kijani. Mnaokula mnisamehe: ndani yake kulikuwa na kile ambacho huwa kwenye poti, ila hiki kilikuwa kinameremeta. Kimejaa vinukta vya dhahabu, safi kabisa, vile vile nilivyovinyunyiza kwa mkono wangu. Chini yake ameandika: "Dada, hii ni ya mdogo wake Glory. Ulituwekea nini?"

Nitaeleza yaliyofuata, pamoja na uongo niliouanza nao, kwa sababu kila nikipitia status za wapishi wa keki wenzangu naona mng'ao ule ule, na najua wengi wanaununua pale pale nilipokuwa nanunua mimi.

Nilianza kupika keki nyumbani Tabata baada ya kuachishwa kazi ya ofisini. Jiko la gesi lenye oveni, mikebe mitatu, mashine ya kukorogea niliyokopeshwa na wifi. Mwaka wa kwanza nilipika keki za kawaida, zile za mafuta na maganda ya limau, na wateja walikuwa wa mtaani. Kisha zikaingia keki zinazong'aa. Ghafla hakuna sendofu, hakuna kicheni pati, hakuna siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mwaka mmoja ambayo mteja hatumi picha aliyoitoa mtandaoni akisema, "Nataka hivi hivi."

Nikaenda Kariakoo. Duka la vifaa vya mapambo, lenye riboni, maputo, maua ya plastiki na vikopo vya glita vya kila rangi. Kikopo shilingi 3,000. Nikamuuliza kijana muuzaji kama inafaa kwenye keki. Hakusita: "Hii haina sumu dada, soma hapa." Nikasoma, na kweli iliandikwa kwa herufi kubwa: NON TOXIC. Nikachukua vikopo sita.

Kosa langu la kwanza liko katika swali hilo na jibu lake. Mimi niliuliza kama ni chakula, yeye akanijibu kwamba si sumu, nami nikaona ni jambo moja. Penseli ya mtoto nayo haina sumu. Kiatu hakina sumu. Hakuna anayevikatia vipande akawapa wageni na soda.

Basi mama Glory alipotuma ile picha nilijibu haraka: "Usiwe na wasiwasi dada, ni rangi tu ya chakula, itaisha." Nilijua siijui. Niliandika hivyo kwa sababu keki ile ilikuwa ya shilingi 130,000, nusu ya hela nilikuwa nimeshalipia gesi na mayai, na niliona aibu. Nusu saa baadaye akanipigia. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Rangi ya chakula huyeyuka, dada. Hii nimeichukua kwa kijiti nikaisuuza. Bado inang'aa." Yule mama alifanya uchunguzi ambao mimi, mwenye biashara, sikuwa nimeufanya kwa miezi minne.

Nilikodi bajaji nikawafuata, tukaenda na mtoto zahanati. Alikuwa mzima, anacheza na funguo zangu. Daktari alimpapasa tumbo, akauliza kama ametapika au amekataa chakula, kisha akanigeukia mimi na kile kikopo. "Hii imetengenezwa na nini?" Nikasema sijui. Akakizungusha kutafuta orodha ya vilivyomo. Hakuna. Akasema kama ni plastiki tupu, kiasi kidogo hivyo kwa kawaida hupita tumboni na kutoka kama kilivyoingia, jambo ambalo tayari tulikuwa na ushahidi wake. Tatizo, akasema, ni pale usipojua kama ni plastiki tupu.

Nililipia zahanati, nikarudisha 130,000 yote. Usiku ule nikafungua daftari la oda nikahesabu keki nilizozinyunyizia tangu nianze. Zilikuwa 31.

Aliyenieleza glita ni nini hasa ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Anafanya kazi kiwanda cha kuchapa vifungashio, huko Barabara ya Pugu. Nilimpelekea kikopo Jumapili, akacheka kabla hata hajakifungua. "Shemeji, hii si ni filamu yetu imekatwakatwa?" Alikuwa na ile lenzi ndogo wanayoitumia kukagua nukta za rangi kwenye chapa. Akamwaga chembe chache juu ya karatasi nyeusi, akaniambia nichungulie.

Nilitegemea kuona vumbi. Niliona vigae. Kila chembe ilikuwa bapa, yenye pembe sita, zote sawasawa kama vyumba vya sega la nyuki. Akaniambia sababu ya umbo hilo ndiyo ile ile ya nyuki: ukikata filamu kwa pembe sita, vipande vinakaa ubavu kwa ubavu bila kubakiza mabaki katikati, wakati ukikata duara unatupa kila pengo. Zile za kawaida za vikopo zina upana wa kama milimita 0.2, na za kujipaka usoni hushuka hadi 0.1 hivi.

Kinachokatwa ni filamu ya poliesta, PET, plastiki ile ile ya chupa za maji, ila imevutwa ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara. Rola zima la filamu linaingizwa kwenye chumba kikubwa cha chuma kilichonyonywa hewa. Humo ndani alumini inachemshwa mpaka inageuka mvuke, na filamu inapopita juu ya ngoma iliyopozwa, ule mvuke unaigandia kwa tabaka jembamba mno. "Sufuria yako ya ubwabwa," shemeji akasema, "ndiyo inayong'aa hapo." Ukipasua pakiti ya biskuti ukaona ndani kunang'aa kama kioo, umeona kazi hiyo hiyo. Glita inaongezewa tabaka la rangi inayopitisha mwanga: alumini yenyewe ni ya fedha, ukiipaka rangi ya manjano juu inakuwa dhahabu, ukiipaka nyekundu inakuwa ya Krismasi. Halafu mashine ya visu inaikata. Wanaosimulia chanzo chake humtaja fundi mashine wa New Jersey, Marekani, Henry Ruschmann, na mwaka 1934. Jimbo hilo hadi leo lina viwanda vinavyojulikana kwa glita.

Kwa hiyo kila chembe ni kioo kidogo cha kujitazamia. Ukivimwaga maelfu, kila kimoja kinalala upande wake, na wewe ukisogeza kichwa kidogo tu, vilivyokuwa vimezimika vinawaka na vilivyowaka vinazimika. Ndiyo maana glita kwenye picha haipendezi kama kwenye video. Inahitaji mtu atembee.

Nilirudi nyumbani nikajiambia basi, glita sitaki tena. Nikatangaza kwenye status kwamba keki zangu sasa ni za asili, maua halisi na matunda. Mwezi ule nilipata oda nne, wakati kabla ya hapo nilikuwa napata nane mpaka kumi. Wateja hawakunigombeza. Walisema tu, "Zako nzuri dada, ila hazina ule mng'ao."

Hapo ndipo nilipokaa nikajiuliza kwa nini. Kwetu bibi harusi hasifiwi kwa kupendeza tu, husemwa ameremeta. Shanga, hariri, pete, lipstiki ya mdomo, bodaboda iliyobandikwa stika zinazong'aa: tunavutwa. Niliwahi kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na wenzao wa Houston, walichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba kupenda kwetu vitu vinavyong'aa kunaendana na haja ya maji: watu waliofanywa wawe na kiu walivutiwa zaidi na vitu vya kung'aa. Kabla yao kulikuwa na uchunguzi wa watoto wachanga ambao walipeleka mdomoni zaidi vyombo vinavyong'aa kuliko visivyong'aa. Mimi si mwanasayansi na sijui kama kiu inaeleza kila kitu. Lakini nimesafiri Chalinze hadi Segera mchana wa Januari, nimeona mazigazi yakilala barabarani kama dimbwi, na najua jicho linavyoyakimbilia hata akili ikikataa. Na mdogo wake Glory, kati ya vipande vyote vya keki, alichagua cha ukingoni.

Basi nikaamua kutafuta mng'ao unaolika. Hapa nilipoteza pesa na muda zaidi kuliko pale mwanzo, kwa hiyo nisikilizeni vizuri wenye jiko.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuitengeneza mwenyewe. Glita ya kula, ile ya vipande, msingi wake mara nyingi ni gundi ya mgunga, utomvu ule unaovunwa kwa wingi Sudan na hata Turkana, Kenya, na ambao kwenye pakiti za vyakula huandikwa E414. Unauzwa ukiwa unga. Nilichanganya sehemu moja ya unga na sehemu mbili za maji ya moto, nikatia rangi ya chakula, nikachuja povu, nikapaka kwa brashi tabaka jembamba juu ya karatasi ya kuokea isiyogandisha, nikaiacha oveni ya moto mdogo kabisa mpaka ikaanza kubanduka yenyewe. Unaivunja kwa vidole, unaichekecha. Ilitoka nzuri, kama vigamba vya samaki. Haing'ai kama kioo, inang'aa kama sukari iliyoiva.

Niliinyunyiza juu ya krimu saa nne asubuhi. Saa saba keki ilikuwa na madoa ya rangi, glita hakuna. Gundi inapenda maji, na Dar es Salaam hewa yenyewe ni maji. Tangu siku ile natumia vipande vya gundi juu ya fondanti, ile sukari ya kukandwa inayovalishwa keki, iliyokauka tu, nainyunyiza dakika za mwisho ukumbini, na akiba naiweka kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vifuko vyenyewe navifunga kwenye kitambaa kwanza visigusane na chakula.

Jaribio la pili lilikuwa la jelatini. Haiyeyuki haraka kama gundi, ikaniridhisha sana, nikaipeleka kwenye keki ya kicheni pati Ilala. Bibi mmoja pale akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo jelatini ya mnyama gani?" Sikujua. Jelatini nyingi hutoka kwa nguruwe, nyingine kwa ng'ombe, ipo na ya samaki, na pakiti yangu haikusema. Keki haikuliwa. Nilirudisha 90,000, na kusema kweli nilistahili. Kama wateja wako ni Waislamu, usinunue jelatini isiyo na alama ya halali, na ukishindwa kuipata rudi kwenye gundi ya mgunga.

Jaribio la tatu ndilo ninaloishi nalo: kununua iliyotengenezwa viwandani kwa ajili ya chakula. Kikopo cha gramu tano ni kati ya 15,000 na 20,000, na nilipotajiwa bei hiyo mara ya kwanza niliguna. Humo mng'ao hautoki kwenye alumini na plastiki. Unatoka kwenye ulanga, madini ambayo kwenye vikopo huandikwa mica.

Niliposoma neno hilo nilisimama. Mama yangu ni mtu wa milima ya Uluguru. Tukiwa watoto bibi alikuwa akitupa vijiwe vinavyochanika tabaka kwa tabaka kama kurasa, vinaonyesha upande wa pili, na ukivisugua vinakuachia vidole vya fedha. Ulanga wa Uluguru ulichimbwa enzi za Wajerumani na baadaye Waingereza ukasafirishwa nje, maana unazuia umeme na moto. Kwenye unga wa keki ulanga husagwa, kisha kila kigamba hufunikwa kwa tabaka jembamba la oksidi ya titani au ya chuma, na unene wa tabaka hilo ndio unaoamua rangi utakayoiona, kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la gereji. Ndiyo maana mng'ao wake ni wa lulu, mlaini. Ukiona kikopo kinachodai ni cha kula lakini kinachoma macho kama kioo juani, anza kukitilia shaka.

Oksidi ya titani, E171, Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye orodha ya viambato vya chakula mwaka 2022, ingawa nchi nyingine zinairuhusu. Mimi nikikuta kikopo kisicho nayo nachukua hicho.

Sasa nikiwa dukani nafanya hivi. Nakigeuza kikopo kabla sijauliza bei. Natafuta orodha ya viambato, kama ilivyo kwenye pakiti ya biskuti: sukari, gundi ya mgunga, wanga wa mahindi, maltodekstrini, ulanga, namba za rangi. Isipokuwepo, nakirudisha hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Nikiona PET au poliesta, hiyo ni ya kadi na kucha. Maneno "non toxic" nayapita kama sijayaona. Neno ninalolitaka ni "edible", na hata hilo peke yake bila orodha halinitoshi. Yapo pia maneno ya kona kona, kama "kwa mapambo pekee", ambayo maana yake ni kwamba uiweke juu ya keki halafu uitoe kabla watu hawajala. Nani ataitoa, chembe kwa chembe?

Nyumbani naweka kidogo kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Ya gundi au sukari huyeyuka. Ya plastiki inabaki vigae vile vile hadi kesho. Jaribio hili lina tundu lake, kwa kuwa unga wa ulanga nao hauyeyuki, unatawanyika tu maji yakawa kama ya sabuni yenye lulu, na unga wenye madini mabaya unaweza kufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo glasi ya maji inaumbua plastiki tu. Haithibitishi usalama.

Madini mabaya si hadithi ya kutishana. Mwaka 2018, jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa wa rangi ya dhahabu ya waridi, na ulipopimwa ukakutwa umejaa shaba. Mwaka uliofuata, Missouri, unga wa rangi kwenye keki ya mtoto ulikutwa na risasi, yaani madini ya risasi. Niliposoma hayo nililikumbuka lile swali la daktari, kama ni plastiki tupu. Sisi tuliponea kwenye plastiki.

Jambo jingine dogo: acheni kuipuliza kwa mdomo ili isambae. Nilikuwa nafanya hivyo, wengi wanafanya. Mate yanakwenda kwenye keki na vumbi linakwenda kwenye mapafu yako. Brashi kavu ya nywele laini inatosha, au ile pampu ndogo ya mkono.

Watu huniuliza kama niliwapigia wateja wote 31. Hapana. Niliwapigia kumi na wawili, wale wenye watoto wadogo. Wawili walikasirika, mmoja akaniondoa kwenye simu yake, waliobaki walicheka wakasema kumbe ndiyo maana. Wengine sikuwapigia, na sina sababu nzuri ya kukupa.

Vile vikopo vya Kariakoo vilivyobaki sikuvimwaga kwenye sinki. Plastiki ya ukubwa ule ikipita bomba inakwenda na maji mpaka Msimbazi na baharini, na hairudi. Ulaya walianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki ya kumwaga Oktoba 2023 kwa sababu hiyo. Nilivifunga kwa gundi ya karatasi nikavitia kwenye boksi juu ya kabati. Lakini ile iliyokwisha kumwagika jikoni haijaisha mpaka leo. Mwezi uliopita nachekecha unga, nikaona nukta moja ya dhahabu imekaa kwenye wavu. Nilimwaga kilo mbili za unga na chekeche nikanunua jipya.

Mama Glory alikaa karibu miaka miwili bila kunitafuta. Mwaka huu akatuma ujumbe: yule mdogo anatimiza miaka minne, anataka keki ya gari. Nikamtumia bei, nikamtumia na picha ya kikopo, mbele na nyuma, orodha ya viambato ikisomeka. Akakaa kimya saa nzima. Kisha akajibu: "Sawa dada. Iwe inang'aa kama ile. Na poti ameshaacha, kwa hiyo safari hii sitajua."